Kukokotoa pamoja na vipimo kwa programu ya Units: ekari, debe, gunia na mbao

Kikokotoo cha kawaida kinajua namba tu. Andika 20 gawanya kwa 400 zidisha kwa 2.5, kitakupa 0.125 bila kuuliza kama hiyo ni kilo, gramu au hekta. Kazi nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina vipimo vilivyochanganyika. Shamba linatajwa kwa ekari lakini lebo ya dawa inasema hekta. Mbao za Mafinga zinauzwa kwa inchi na futi, wakati miti inapimwa kwa mita za ujazo. Mahindi yanatoka shambani kwa debe na kuingia ghalani kwa kilo. Anayebadilisha kichwani au kwenye karatasi hukosea palepale pa kubadilisha, na namba iliyokosewa haina alama ya kuonyesha kwamba imekosewa.

Ziko programu za kukokotoa ambazo haziachanishi namba na kipimo chake. Mwongozo huu unatumia GNU Units, ambayo ni ya bure na nyepesi, na ukishaiweka haihitaji bando. Mwishoni tumegusia nyingine mbili. Majibu yaliyomo humu tumeyafupisha. Kwenye skrini utaona tarakimu nyingi zaidi.

Kuiweka

Kwenye simu ya Android, weka kwanza programu ya Termux (chukua ile ya F-Droid), ifungue, kisha andika:

    pkg update
    pkg install units nano

Kwenye kompyuta yenye Ubuntu au Debian:

    sudo apt install units

Ikishaingia, andika `units` na ubonyeze Enter. Itakuuliza mambo mawili. `You have:` ni mahali pa kuandika ulichonacho, na `You want:` ni mahali pa kuandika kipimo unachotaka jibu liwe. Ukimaliza kazi, andika `quit`.

    You have: 6 acre
    You want: hectare
        * 2.428
        / 0.4118

Jibu ni mstari wenye nyota: ekari 6 ni hekta 2.428. Mstari wa pili ni kinyume chake, na mara nyingi hutauhitaji. Ukiacha `You want:` tupu na kubonyeza Enter, programu itakuonyesha maana ya kipimo chenyewe kwa mita, kilo na sekunde. Ukiandika alama ya kuuliza hapo, itakuorodheshea vipimo vyote vinavyolingana na ulichoandika.

Andika namba bila mkato wa maelfu: 60000, si 60,000. Usiweke `/=` kwenye bei. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti kwake.

Jaribio la kwanza: ekari ya 70 kwa 70

Anza na hili kwa sababu linagusa kila hesabu ya shamba itakayofuata. Wengi hupima ekari kwa "sabini kwa sabini". Iulize programu, kwanza kwa mita:

    You have: 70 m * 70 m
    You want: acre
        * 1.2108

Kisha kwa yadi:

    You have: 70 yard * 70 yard
    You want: acre
        * 1.0124

Yadi moja ni sentimita 91.44, karibu sawa na hatua ndefu ya mtu mzima. Kwa hiyo sabini kwa sabini inafaa ukipima kwa hatua au yadi. Ukichukua utepe na kupima mita 70 kwa 70, shamba lako limezidi ekari kwa asilimia 21. Ekari kamili yenye pande sawa ni mita 63.6 kila upande.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mbolea. Tuseme unaweka mfuko mmoja wa DAP (naitrojeni asilimia 18) wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa urea (asilimia 46) wakati wa kukuzia, kila mfuko kilo 50, kwa ekari moja:

    You have: (0.18 + 0.46) * 50 kg/acre
    You want: kg/hectare
        * 79.07

Mifuko hiyohiyo ukiisambaza kwenye "ekari" ya mita 70 kwa 70:

    You have: (0.18 + 0.46) * 50 kg / (70 m * 70 m)
    You want: kg/hectare
        * 65.31

Mahindi yamepungukiwa karibu kilo 14 za naitrojeni kwa hekta, na mwenye shamba anaamini ameweka kipimo kamili. Hapo hakuna aliyekosea kuzidisha. Kilichokosewa ni kipimo.

Kuifundisha vipimo vyetu

Units inajua maelfu ya vipimo, lakini haijui gunia, debe wala pampu ya mgongoni. Utaifundisha kwa faili liitwalo `.units` (anza na nukta) lililo kwenye folda yako ya nyumbani. Fungua hivi:

    nano ~/.units

Kisha andika jina, nafasi, halafu maana yake:

    # vipimo vya kazini
    ekari      acre
    hekta      hectare
    futi       foot
    inchi      inch
    lita       liter
    tani       1000 kg
    gunia      100 kg
    magunia    gunia
    mfuko      50 kg
    mifuko     mfuko
    pampu      20 liter
    debe       20 liter
    madebe     debe
    shilingi   !

Hifadhi kwa CTRL na O, Enter, kisha CTRL na X. Uwingi umeandikwa peke yake kwa sababu programu inaelewa uwingi wa Kiingereza tu, ule wa kuongeza s. Usipoiandikia "magunia" haitajua kwamba ni gunia. Alama ya mshangao mbele ya shilingi inasema kwamba shilingi ni kipimo cha msingi kisichotokana na kingine. Tumeepuka kusudi kutumia fedha zilizomo ndani ya programu, kwani viwango vyake vya kubadilishia hupitwa na wakati.

Ukimaliza, andika `units -c`. Amri hiyo inakagua faili lote na kukutajia jina lolote ulilolikosea au linalotegemea kitu kisichokuwepo. Kama pampu yako ni ya lita 16, andika 16.

Hesabu ya dawa, na kwa nini kukataliwa ni msaada

Tuseme lebo ya dawa ya baka chelewa kwenye viazi inasema kilo 2.5 kwa hekta, maji lita 400 kwa hekta. Unataka kujua uweke gramu ngapi kwenye pampu moja. Pampu moja inatosha eneo la lita 20 kugawanya kwa lita 400 kwa hekta. Eneo hilo ulizidishe kwa kipimo cha dawa:

    You have: pampu / (400 lita/hekta) * 2.5 kg/hekta
    You want: g
        * 125

Gramu 125 kwa pampu. Kwa ekari nzima:

    You have: ekari * 400 lita/hekta
    You want: pampu
        * 8.094

Pampu 8 na kidogo. Ukipulizia ekari nzima ikaisha kwa pampu 5, umepita haraka au nozeli yako inatoa maji machache, na dawa iliyofika shambani ni gramu 625 badala ya kilo moja na gramu 12. Rekebisha mwendo au nozeli kabla ya kuilaumu dawa.

Sasa rudia hesabu ya kwanza bila mabano:

    You have: pampu / 400 lita/hekta * 2.5 kg/hekta
    You want: g
    conformability error
        1.25e-09 kg / m^4
        0.001 kg

`conformability error` maana yake ulichonacho na unachotaka si vitu vya aina moja. Mstari wa juu ni ulichoandika, wa chini ni ulichoomba. Juu kuna kilo kwa mita zilizopandishwa mara nne, chini kuna kilo tupu. Yaani eneo limegawanywa mara mbili badala ya kujifuta, na hilo linakuelekeza moja kwa moja kwenye alama ya kugawanya iliyokosa mabano. Kalkuleta ya kawaida ingekupa namba na wewe ungeenda nayo shambani. Ukikutana na ujumbe huu usijaribu kuuzunguka kwa kufuta vipimo. Soma mistari ile miwili, tazama kipimo kipi kimezidi, ndipo urekebishe.

Kuna kanuni moja ya kugawanya inayowasumbua wengi. Katika Units, vitu viwili vilivyotenganishwa kwa nafasi huzidishwa kabla ya kugawanya. `1/2 m` haisomwi nusu mita. Inasomwa moja gawanya kwa mita mbili. Nusu mita andika `0.5 m` au `1|2 m`, ile alama ya mstari uliosimama. Kwa hesabu ndefu, weka mabano kila unapogawanya.

Kutoka ujazo kwenda uzito

Jaribu kubadilisha debe kuwa gunia na programu itakataa, nayo ina haki. Debe ni ujazo, gunia ni uzito. Debe la mahindi, la maharage na la pumba hayalingani kwenye mizani. Kinachounganisha viwili hivi ni uzani wa zao lenyewe, kilo kwa lita, na huo inabidi uupime mwenyewe.

Chukua debe lako na ulipime kwanza likiwa tupu. Lijaze mahindi, pitisha kijiti juu ili kuondoa kichwa, lipime, kisha toa uzito wa debe. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Mahindi makavu huwa karibu kilo 0.72 kwa lita, hivyo debe la lita 20 lililosawazishwa litakuwa karibu na kilo 14.4. Ongeza kwenye faili mstari huu kwa namba uliyoipata wewe:

    uzani_mahindi   14.4 kg / (20 liter)

Sasa programu itakubali:

    You have: 6 debe * uzani_mahindi
    You want: gunia
        * 0.864

Wengi huhesabu madebe 6 kwa gunia. Kwa madebe yaliyosawazishwa, hayo ni kilo 86.4, ili sita yafike kilo 100, kila debe lazima liwe na kichwa cha zaidi ya kilo 2. Yuko anayepokea kichwa hicho na yuko anayekitoa, kwa hiyo ni vizuri pande zote mbili zijue ni kilo ngapi. Unyevu nao hubadilisha namba hii, kwa hiyo pima upya kila msimu na uandike tarehe kwenye faili, baada ya alama ya #.

Namba ya uzani isiyo na kipimo chake ni hatari. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, kwa sababu lita zilibadilishwa kuwa uzito kwa kutumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, wakati kilichotakiwa ni kilo kwa lita, kama 0.8. Rubani alifanikiwa kuishusha Gimli, Kanada, bila injini. Kama 1.77 ile ingekuwa na kipimo chake pembeni, kosa lingeonekana ardhini.

Bei na lumbesa

Hapa ile shilingi tuliyoiweka inafanya kazi. Tuseme mnunuzi wa viazi anatoa shilingi 60000 kwa gunia:

    You have: 60000 shilingi/gunia
    You want: shilingi/kg
        * 600

Lakini gunia limeshonwa lumbesa, na mizani inasema kilo 130:

    You have: 60000 shilingi / (130 kg)
    You want: shilingi/kg
        * 461.5

Mkulima amepoteza zaidi ya shilingi 138 kwa kila kilo. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa na kusisitiza gunia lisizidi kilo 100. Usibadilishe maana ya gunia kwenye faili lako ili liendane na soko. Liache liwe kilo 100 na uandike uzito halisi kwa kilo, kama hapo juu.

Mbao na mzigo

Ubao wa 2 kwa 4 wa futi 12:

    You have: 2 inchi * 4 inchi * 12 futi
    You want: m^3
        * 0.01888
        / 52.97

Hapa mstari wa pili una faida: mita moja ya ujazo inatoa mbao karibu 53 za aina hiyo. Lakini pima ubao wenyewe kwa rula kwanza. Mashine nyingi hukata pungufu ya jina. Ubao unaoitwa 2 kwa 4 ukiwa ni inchi 1.75 kwa 3.75, ujazo wake umeshuka kwa asilimia 18, na ununuzi wa mbao 200 unakuwa kama wa mbao 164.

Kwa mzigo wa gari, zidisha kwa uzani. Tukichukua paini kavu kilo 500 kwa mita ya ujazo, mbao 200 kamili ni:

    You have: 200 * 2 inchi * 4 inchi * 12 futi * 500 kg/m^3
    You want: tani
        * 1.888

Mbao mbichi zilizotoka kupasuliwa, kwa kilo 900, zitafika tani 3.4. Mzigo ni uleule kwa macho, lakini kwenye mizani ya barabarani ni karibu mara mbili.

Maji ya mvua, mafuta ya gari, joto

Paa la futi 30 kwa 40 likipata mvua ya milimita 40:

    You have: 30 futi * 40 futi * 40 mm
    You want: lita
        * 4459

Tumia eneo la ardhi lililofunikwa na paa. Urefu wa bati lililolala mteremko utakudanganya. Zidisha kwa 0.8 kwa ajili ya yanayomwagika na kukauka, upate kama lita 3570.

Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, ukitaka kujua lita kwa kila kilomita 100:

    You have: 12 km/lita
    You want: lita/(100 km)
        reciprocal conversion
        * 8.333

Programu imegeuza juu chini yenyewe, na imekuambia. Ukiona maneno hayo mahali ambapo hukutarajia, umeandika kinyume.

Joto lina mtego wake. Kipimajoto cha Fahrenheit kikisoma 200, usiandike `200 degF`, kwa sababu hiyo ni tofauti ya joto, na utaambiwa 111.1. Andika `tempF(200)`, na kwenye `You want:` andika `tempC`. Jibu ni 93.33. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1700, hayo ni maji yanayokaribia kuchemka, maana huku huchemka karibu na 94.

Majina yanayodanganya

`kilo`: kwetu ni kilogramu, kwa Units ni elfu moja tu. `50 kilo` ni 50000 isiyo na kipimo. Andika `kg` siku zote.

`ton`: ni tani ya Marekani, kilo 907.18. Kila tani utapungukiwa karibu kilo 93, ambayo ni karibu gunia zima. Tumia `tonne`, au `tani` uliyoiweka mwenyewe.

`gallon`: ni ya Marekani, lita 3.785. Galoni ya Uingereza ni `brgallon`, lita 4.546. Kwa tangi la galoni 500 tofauti ni lita 380.

Ukitaka nyingine

Qalculate! ina madirisha na vitufe na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Unaandika kwa mstari mmoja, `6 acre to hectare`. Ni nzuri kwa ofisi, ila haikatai kwa uwazi kama Units. Vipimo visipolingana inaweza kuacha jibu lenye kipimo kingine, kwa hiyo kisome kipimo cha jibu kabla ya kuichukua namba. Frink ya Alan Eliasen hufanya kazi kwenye Android pia, na hutumia mshale: `6 acres -> hectares`. Inafaa kwa anayetaka kuandika programu fupi za hesabu zinazorudiwa.

Kwa hesabu inayojirudia kila siku, Units yenyewe inatosha bila kuingia kwenye maswali yake mawili. Andika yote kwa mstari mmoja. `-t` inaleta namba peke yake:

    units -t '7 ekari * 400 lita/hekta' pampu

Itajibu 56.66. Ukiwa na watu watatu wa kupulizia, kila mmoja ana pampu 19.

Faili la `.units` unaweza kulituma kwa WhatsApp kwa wenzako wa ushirika. Anayelipokea aliweke kwenye folda yake ya nyumbani kwa jina hilohilo, kisha abadilishe mistari miwili kabla ya kulitumia: ukubwa wa pampu yake, na uzani wa mahindi alioupima kwa debe lake.